Mbwa Amefaulu, Mtoto Je?

"Wewe subiri nje. Aingie mbwa."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo waliodhani mchapaji amekosea. Hakuna aliyekosea. Bi. Augusta Fennimore, mwenyekiti wa bodi, alichukua kamba mkononi mwa Yamileth, akamwongoza mbwa ndani, akafunga mlango.

Yamileth akabaki kwenye korido ya ghorofa ya sita, nje ya fleti ya Bi. Fennimore, mikono mitupu, koti zito limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

"Wanamsaili mbwa?" aliuliza.

"Peke yake," alijibu Lakis, dalali wake, huku akijifuta paji la uso. "Wanataka kumwona alivyo akiwa mbali na mama yake."

"Sasa atawaambia nini?"

"Afadhali yeye hana la kusema. Ukiingia, mwige."

Kwa wewe uliyelikosa gazeti, nitakwambia upesi, maana mle ndani mambo hayasubiri.

Jumba linaitwa Cheverell, liko Jackson Heights, Queens, upande ule wenye miti. Lilijengwa kabla ya vita vya Hitler. Wakazi wake hutamka "kabla ya vita" huku wamebinua midomo, utadhani ni wao waliopigana vikaisha. Kumbe kazi yote waliyofanya ni kurithi. Katikati ya jumba kuna bustani yenye uzio wa chuma na miti mirefu, kila mti na kibao chake cha jina. Hakuna anayekaa kwenye majani. Hakuna anayekimbia. Mti wa Cheverell una heshima kuliko mtu wa mtaa wa pili.

Na Yamileth ndiye huyo mtu wa mtaa wa pili. Alizaliwa barabara ya Roosevelt, ambako treni hupita juu ya vichwa vya watu na mama yake anauza arepa, mikate ya mahindi, kwenye kigari. Utotoni alikuwa akibandika uso kwenye uzio ule mpaka chuma kinamwachia michirizi mashavuni. Sasa ni mtu mzima, anasafisha meno ya watu kwenye kliniki, amejinyima vya kutosha, na fleti ya chumba kimoja ghorofa ya kwanza inauzwa. Dirisha moja linaloangalia bustani. Kitanda kinachojikunja kikaingia ukutani. Jiko la ukubwa wa kabati. Hakuna kitu duniani alichokitaka kama hicho.

Lakini Cheverell ni jumba la ushirika. Huko hununui nyumba, unanunua hisa, na hisa hupati mpaka bodi ikupende. Isipokupenda inakwambia hapana. Kwa nini? Hakuna kwa nini.

"Nisikilize tena," Lakis alinong'ona. "Usivue koti. Usiulize swali, waulizaji ni wao. Ukiulizwa jambo, jibu hilo hilo ukomee hapo."

"Na wakiniuliza kuhusu mtoto?"

"Hawakuulizi. Sheria inawakataza kumkatalia mtu nyumba kwa sababu ya mtoto, na wanaijua kama wanavyojua majina yao. Lakini wakiliona hilo tumbo watatabasamu, watakukatia keki, halafu kesho kutwa unapata neno moja. Nimekuwa dalali tangu nina nywele, Yamileth, na sijawahi kusikia bodi ikitaja sababu. Huo ukimya ndio rungu lao. Siku wakiitaja, watakuwa wamekukabidhi wewe rungu."

Yamileth aliweka kiganja juu ya koti. Mtoto alitarajiwa miti ikianza kuchipua. Baba wa mtoto, Tad Pell, alikuwa ameaga tangu majani yanadondoka, eti anakwenda Oregon, upande wa pili wa nchi, kutafuta kazi, na namba yake ya simu ikafia njiani. Kwao wapi? Mbali. Mama yake je? Hapendi wageni. Ndiyo majibu yaliyokuwepo. Hata matembezini, wakikaribia uzio wa Cheverell alikuwa akimvuta Yamileth kuvuka barabara. Alisema majumba haya yanamtia kichefuchefu.

Alichoacha ni tumbo hilo na Panela, mbwa waliyemwokota pamoja. Mfupi wa miguu, rangi ya sukari guru, na kwa lugha ya kina Yamileth jina lake maana yake ni hiyo hiyo sukari guru. Tad alipoondoka, Panela alikaa mlangoni siku nyingi akisubiri. Yamileth hakukaa mlangoni. Alihamia sebuleni kwa mama yake, kwenye kochi la kukunjua, ambako kila asubuhi binamu wawili humruka miguu wakienda kazini. Kochi lile halina nafasi ya mtoto. Ndiyo maana leo amevaa koti.

Mlango ukafunguka. Akatoka Bwana Rasmussen, katibu wa bodi, mwanasheria, mwembamba kama mwavuli uliofungwa. Hakuwasalimu. Aliufunga mlango nyuma yake, akabonyeza kengele. Akasikiliza. Akabonyeza tena kwa nguvu, akasikiliza kwa sikio lingine.

"Habweki," alisema, kama daktari anayesoma kipimo. Akarudi ndani.

"Habweki?" Yamileth alimgeukia Lakis. "Panela? Huyo hubwekea hata birika likichemka!"

"Shii! Leo hajawahi kubweka tangu azaliwe."

Kutoka ndani kikaja kicheko cha mwanamke, kile kicheko cha mtu anayechezea kitoto kichanga. Kisha mlango ukafunguliwa wazi, na Bi. Fennimore akasimama pale na Panela kifuani, amemkumbatia, mashavu yamemwiva.

"Mtoto gani huyu!" alisema. "Adabu gani! Ameingia, akaenda moja kwa moja pale kando ya bomba la mvuke, akalala juu ya sweta kuukuu la mwanangu. Katulia tuli. Clive amepiga kengele, hata sikio hakuinua. Unajua mbwa wangapi wameshindwa kwenye zulia lile? Kulikuwa na mmoja wa ghorofa ya nne, wa ukoo safi kabisa, alikojoa mbele ya mweka hazina."

"Hongera, Panela," alisema Yamileth.

"Amefaulu kwa kura zote. Haya, sasa na wewe ingia."

*

Joto lilimpiga usoni kama mlango wa tanuri.

Nje kulikuwa na theluji. Ndani kulikuwa na Sahara. Mabomba ya mvuke ya Cheverell, yanayopasha nyumba joto, ni ya tangu jumba lijengwe, hayana pa kupunguzia, na wakazi hujivunia jambo hilo pia. Madirisha yalikuwa wazi katikati ya Januari na bado vioo vilikuwa vinatoka jasho. Bomba lilipumua fsss kwenye kona, na chini yake Panela alikuwa ameteleza kutoka kifuani kwa Bi. Fennimore, akatambaa, akarudi kulala juu ya sweta lile la kijani. Pua ameizamisha kwenye mkono wa sweta.

Kwenye kiti cha mikono alikaa mzee mfupi, tai imelegezwa, anajipepea kwa sahani ya keki. Huyo ni Bwana Mendel Brodsky, mweka hazina.

"Keti, binti," alisema. "Vua koti kabla hujaiva."

"Sisikii joto, Bwana Brodsky."

"Mimi nasikia kwa niaba yako. Augusta, nitafungua huo mlango wa korido nipate hewa, au leo mtatoka na maiti."

"Mvuke wetu ni wa asili, Mendel."

"Na homa ya manjano ni ya asili." Akainuka, akaufungua mlango, akaegemeza kiti. Huko nje Lakis alijifanya anasoma ukuta.

Usaili ukaanza. Bi. Fennimore alikunja mikono mapajani na kutabasamu. Yamileth, kwa mazoea ya kazi, aliyatazama meno: ya bei mbaya, yote ya kununua, meupe kuliko theluji ya nje.

"Unapika nyumbani?"

"Napika."

"Vyakula vyenye harufu?"

"Vyakula, Bi. Fennimore. Vina harufu ya chakula." Akakumbuka maneno ya Lakis. "Mayai. Nachemsha mayai."

"Vizuri. Viatu ndani?"

"Soksi."

"Muziki?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Unaosikika na mimi tu."

"Na bustani yetu utaitumiaje?"

"Nitaitazama."

"Umemsikia, Clive? Ataitazama! Wengine wanakuja hapa wanasema watatandika shuka wale sandwichi." Bi. Fennimore alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayekumbuka maafa. "Wageni je? Wa kulala."

"Mama yangu, pengine. Siku moja moja."

"Siku moja moja hakuna neno. Ila sheria ya nyumba uijue mapema: mgeni akipitisha mwezi, bodi inamsaili. Hatujali ni mama, ni shangazi, ni askofu. Si ndiyo, Clive?"

"Kifungu hicho hakina msamaha," alisema Bwana Rasmussen.

"Hakina msamaha," Bi. Fennimore alirudia, kwa utamu, kama anayelamba kijiko.

Jasho lilikuwa linateremka mgongoni mwa Yamileth kama mchwa wanaohama. Lilimwingia machoni. Akapangusa, likarudi. Vifungo vya koti vilikuwa vinateleza vyenyewe.

"Unaumwa, mwanangu?" aliuliza Bwana Brodsky.

"Hapana."

"Umekuwa na rangi ya siagi."

"Vua koti, bibie," alisema Bi. Fennimore, na safari hii halikuwa ombi. "Unaniogopesha. Mtu anakujaje kwenye nyumba ya watu akakaa kama anangoja basi?"

Yamileth akashika kola kwa mikono miwili. Vumilia, alijiambia. Vumilia kidogo tu, wasimwone mtoto, halafu utamwonyesha bustani kila asubuhi.

Hapo hapo mtoto akageuka. Akageuka mzima, kama mtu anayevuta shuka upande wake wa kitanda, akamtia mama yake teke la chini ya mbavu, teke la mwenye haki.

Yamileth akajikuta anacheka. Alikuwa anafanya nini? Anamwingiza mwanawe nyumbani kwake mwenyewe kwa siri, kama bidhaa ya magendo? Mbwa ameingia kwa mlango, kapigiwa makofi, na mtoto apitishwe chini ya koti?

Akafungua kifungo cha kwanza. Kwenye korido Lakis alikohoa kama anayekabwa. Yamileth akafungua cha pili, na vyote. Koti likaanguka nyuma ya kiti. Tumbo likakaa mbele ya bodi, la mviringo, ndani ya gauni la bluu alilolishona mama yake.

Bomba lilisema fsss.

Bi. Fennimore alilitazama tumbo, akalitazama zulia, akamtazama katibu. Katibu alitikisa kichwa kidogo sana. Na tabasamu likarudi mahali pake, meno yote.

"Basi," alisema. "Tumefurahi mno kukufahamu. Keki?"

"Hapana, asante."

"Tutakujulisha."

Hilo ndilo neno. Linasemwa kwa upole, na linaua. Mnyonge wa Cheverell hafukuzwi, anajulishwa. Watu wale hawana hata ujasiri wa mbwa, ambaye asipokupenda anakuonyesha meno na wewe unajua umesimama wapi.

Yamileth aliinuka. Alichukua koti. Alifika katikati ya zulia, akamtazama Panela aliyejikunja kwenye sweta, na hapo wazo likamjia.

Kazi yangu ni ipi? alijiuliza. Kila siku wanakuja watu wazima, wamebana mataya, wameapa hawafungui mdomo. Na mimi nawafanya wafungue.

Huwashiki kwa nguvu. Unatafuta panapouma.

"Haya, Panela," alisema kwa sauti ya unyonge. "Twende zetu. Wamekukataa."

"Nani kamkataa?" Bi. Fennimore alishtuka.

"Nimewaelewa, Bi. Fennimore. Usijisumbue kunificha. Ni mbwa."

"Mbwa ana nini?"

"Si wa kuokotwa? Hana ukoo, hana hata kiuno. Sura yenyewe kama kiazi kilichosahauliwa kabatini. Nilijua tu jumba kama hili haliwezi kumkubali kiumbe wa namna hiyo."

"Kiazi!" Mkono wa Bi. Fennimore ulikwenda kifuani.

"Augusta," alisema Bwana Rasmussen, "tumeshamaliza."

"Na kengele hakuisikia," Yamileth aliendelea, anatikisa kichwa. "Mmesema adabu kwa kunionea huruma. Huyu nadhani ni kiziwi. Au ni mjinga tu."

"Mjinga? Huyu mjinga?"

"Augusta, nakuomba..."

"Niache, Clive! Siwezi kukaa nyumbani kwangu nimsikilize mtu anamtukana malaika asiyeweza kujitetea! Mbwa huyu," na Bi. Fennimore akasimama, kidole kimemwelekea Panela, "mbwa huyu ningempa fleti ile leo hii! Ufunguo mdomoni! Mbwa hana kosa lolote! Ni hilo tumbo lako! Mbwa halii usiku kucha, hasukumiwi kigari kwenye ukumbi wangu wa marumaru, hakimbii kwenye bustani! Jumba hili si la kulelea watoto! Tungekuwa tumekupitisha dakika ile ile kama si..."

Akakatisha hapo. Alikuwa amejisikia mwenyewe anachokisema.

Bwana Rasmussen alikuwa amefumba macho, kama mtu aliyeona gari lake likiteremka mlima bila dereva.

"Kama si nini, Bi. Fennimore?" aliuliza Yamileth taratibu. "Fungua tu. Haiumi."

"Mwenyekiti alikuwa anatania," alisema Bwana Rasmussen.

"Mimi sikucheka."

"Hata mimi," ilisema sauti ya Lakis kutoka korido. Alikuwa amesimama katikati ya mlango, amevua kofia, uso unang'aa kama wa mtu aliyekutana na malaika baada ya miaka ya kuhadithiwa. "Nimesikia sababu," alisema. "Bikira Maria, nimesikia sababu kwa masikio yangu!"

"Na mimi nimesikia," alisema Bwana Brodsky. Aligusa kidude cha kusikilizia nyuma ya sikio. "Siku nyingine huwa nakiacha kwenye glasi na meno. Leo nimekivaa. Sijui kwa nini, nilihisi tu."

"Mendel!" Bi. Fennimore alimgeukia. "Wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa droo."

"Droo gani?"

"Ya kabati. Wazazi wangu walikuwa na chumba kimoja humu humu, Augusta, ghorofa ya pili, na nilipozaliwa walinilaza kwenye droo ya chini. Nililia mpaka jirani akahama. Wewe unazungumza kuhusu kabla ya vita. Mimi ni wa wakati wa vita wenyewe, na naweza kukwambia jumba hili lilijaa nepi kutoka chini mpaka juu. Hakuna marumaru iliyopasuka." Akaweka sahani ya keki chini. "Napiga kura. Binti huyu apewe hisa. Clive?"

Bwana Rasmussen alimtazama Yamileth. Akamtazama Lakis mlangoni. Ungeweza kuyaona mawazo yake yakipita usoni: hakimu, gazeti, wakazi wenzake wakiuliza nani ataibeba kesi hii. Mtu wa haki? Wapi! Alikuwa mtu wa hofu, lakini kura ya hofu nayo huhesabiwa.

"Ndiyo," alisema, kama anayemeza dawa ya minyoo.

"Hapana!" alipiga kelele Bi. Fennimore. "Hapana, hapana!"

"Moja inatosha, Augusta, si lazima uipige mara tatu," alisema Bwana Brodsky. "Wawili kwa mmoja. Binti, karibu Cheverell. Chungulia chini ya lile sinki, linavuja."

Yamileth alitaka kusema asante. Alishika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine, akaliona akilini dirisha lile la chini, na kitanda kikitoka ukutani, na uso mdogo umebandikwa kwenye kioo badala ya chuma, upande wa ndani. Upande wa ndani! Machozi yalimtoka yakachanganyika na jasho, na hakuyafuta.

Bi. Fennimore hakuwa mtu wa kushindwa akaondoka. Alikaa chini, akanyoosha sketi, akatafuta mahali palipobaki pa kuchoma.

"Haya, umepata," alisema. "Sasa niambie kitu kimoja tu, kwa kuwa sisi ni majirani. Huyo baba yake yuko wapi? Maana sijamwona akikusindikiza."

"Si swali la bodi hilo," alisema Bwana Rasmussen kwa uchovu.

"Nauliza kama mwanamke."

"Yuko Oregon," alijibu Yamileth.

"Oregon!" Bi. Fennimore aliruhusu meno yote yatoke. "Jamani, Oregon! Wanaume wa namna hiyo wote wako Oregon. Na ninyi wasichana mnaamini. Nani amelea vijana kama hao, Mungu wangu? Ningependa nimwone mama yake. Ningependa sana."

Bwana Brodsky aliacha kujipepea.

"Oregon," alisema polepole. "Augusta, yule mwanao wa ndoa ya kwanza naye si alikuwa aende Oregon?"

"Mwanangu ni jambo lingine kabisa."

"Ulituambia anakwenda Oregon. Halafu akatokea hapa siku ya Shukrani, mwezi wa Novemba, tukala naye bata mzinga, na mpaka leo yuko kwenye chumba chako cha nyuma."

"Anapumzika! Kijana ana moyo mwepesi, kuna msichana mmoja alimsumbua, wa huko chini ya treni..."

Yamileth hakusikia yaliyofuata. Macho yake yalikuwa kwenye kona, kwenye sweta la kijani.

Mkono wa kulia wa sweta lile ulikuwa umetafunwa. Nyuzi zilining'inia kwenye kiwiko. Aliujua mkono ule. Aliujua kwa sababu aliyeutafuna alikuwa Panela mwenyewe, usiku wa kwanza walipomwokota, akiwa amebebwa ndani yake, na mwenye sweta alicheka akasema, mwache, amezaliwa na njaa.

Kengele ya lifti ililia huko korido.

Panela akainua sikio.

Nyayo zikaja. Za taratibu, za kuburuta kisigino kimoja. Bi. Fennimore bado alikuwa anaongea. Na Panela, aliyefaulu usaili kwa kura zote, malaika asiyebweka, akasimama juu ya miguu yake mifupi, akatetemeka kuanzia pua mpaka mkia, akabweka. Akabweka mpaka sahani ya keki ikalia. Akapita chini ya kiti cha mweka hazina, akapita katikati ya miguu ya Lakis, akatoka mlangoni kama risasi.

"Mama, mbona mlango uko wa..." ilisema sauti ya kiume huko nje.

Kitu kikaanguka. Machungwa yakabingirika kwenye sakafu ya korido.

"Panela?" ilisema sauti ile. "Panela! Wewe umefikaje hapa?"

Tad Pell akaingia akiwa amekumbatia mbwa, analambwa kidevu, anacheka. Akamwona Yamileth, na kicheko kikamwishia mdomoni. Macho yakateremka mpaka kwenye gauni la bluu, yakakwama hapo.

Mitaa mitatu. Muda wote ule aliokuwa Oregon, alikuwa mitaa mitatu tu kutoka kwenye kochi la kukunjua, anakula machungwa kwa mama yake.

"Yami," alisema. "Nilikuwa nataka kukupigia..."

"Tad, mwanangu," alisema Bi. Fennimore, na sauti yake ilikuwa imesinyaa, "unamjuaje mbwa wa huyu binti?"

Tad alimtazama mama yake, akalitazama tumbo, na Bi. Fennimore akayafuata macho yake, kwenda na kurudi, mara ya kwanza bila kuelewa. Mara ya pili akaelewa. Mkono wake ulipapasa hewani, ukatafuta kiti ambacho tayari alikuwa amekikalia.

"Augusta," alisema Bwana Brodsky kwa upole, "nadhani ile kura yako utataka kuirudia."

"Yami, naomba unisikilize," alianza Tad. "Tuzungumze. Sasa utakuwa hapa hapa, chini tu, tunaweza..."

Lakini Yamileth hakumtazama. Alilivaa koti lake taratibu, akaliacha wazi mbele, vifungo vyote wazi. Akamgeukia Bwana Rasmussen. Alikuwa ameonywa asiulize swali lolote mbele ya bodi, na mchana kutwa alikuwa amejaribu kulishika onyo hilo. Ila yule alikuwa Yamileth mwombaji. Huyu sasa ni mwenye hisa.

"Bwana katibu," alisema, "mbwa wangu mmemsaili. Mimi mmenisaili. Huyu mgeni wa mwenyekiti yuko humu tangu siku ya Shukrani, na mmeniambia kifungu hakina msamaha. Bodi ilimsaili lini?"

Bwana Rasmussen alifungua mdomo. Alichosema, nitakwambia wiki ijayo.